Wifi Wazi ya Nyumba ya Ngamiani

Mama yangu hakutaka wifi ya nyumbani iwe na nywila. Fundi alipokuja kuvuta faiba akauliza aandike neno gani la siri, mama akamwambia asiandike lolote, jirani akitaka kusoma ujumbe wake na asome. Fundi akafuata maneno ya mwenye nyumba. Jina la mtandao nalo alilichagua mama mwenyewe: Karibu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ipo Ngamiani mjini Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mbele baraza, ndani ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko na vyumba vya wapangaji. Ruta, kile kisanduku kinachorusha wifi, ilitundikwa ukumbini, na mawimbi yake yalitoka nje mpaka ng'ambo ya barabara kwa mama anayekaanga mihogo. Ikifika magharibi baraza linajaa. Watoto wa sekondari wanapakua mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, vijana wa bodaboda wanawapigia kwa video ndugu zao walioko Muscat, na siku yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne hupati pa kuweka mguu. Mama akiyaona hayo anafurahi, nami nilifurahi pamoja naye.

Nayatanguliza haya kwa sababu siandiki kuwapinga wanaogawa intaneti. Kwa kijana anayenunua bando la siku kwa fedha ya kuungaunga, wifi ya jirani ni msaada mkubwa. Ila kwa niliyoyaona ndani ya nyumba ile, nimeamini kwamba kumpa mtu intaneti ni jambo moja na kumwingiza kwenye mtandao wa ndani ya nyumba ni jambo jingine. Ruta ikiachwa wazi humpa mgeni yote mawili kwa mpigo, hata kama la pili hakuliomba.

Ya kwanza kutuonyesha hilo ilikuwa TV. Alasiri moja mama alikuwa na wageni, kina mama wenzake waliokuja kupanga maulidi. TV ya sebuleni huwa inaonyesha Makka moja kwa moja kupitia YouTube, sauti ikiwa chini. Ghafla Makka ikaondoka, ikaja video ya singeli, sauti juu, wasichana wanacheza. Mama akashika rimoti, akairudisha Makka. Baada ya muda singeli ikarudi. Wageni wakainamisha macho, na mama akaizima TV kabisa. Aliyeituma video ile alikuwa kijana barazani aliyebonyeza kile kialama cha kurusha picha kwenye TV. Simu yake ilimletea jina la TV yetu, naye akaligusa. Alipoambiwa aliingia ndani kumwomba mama radhi, na radhi akapewa. Hakudukua chochote. TV nyingi za siku hizi hutengenezwa ziipokee simu yoyote iliyo kwenye mtandao mmoja nazo, kwa dhana kwamba aliyemo kwenye wifi ya nyumba ni mtu wa nyumba.

Dhana hiyo imo kwenye vifaa karibu vyote vya nyumbani: printa, kamera, redio, kompyuta. Ndiyo sababu nikawa naitaja TV kama onyo, huku watu wengine wakiichukulia kama kituko tu. Siku chache mbele likaja lililoniuma zaidi.

Mimi hufanya hesabu za maduka ya watu nikiwa nyumbani. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba cha uani alinisubiri nimalize kula, kisha akanisogelea, sauti chini. "Kaka, samahani. Nilikuwa natafuta video zangu kwenye simu, nikaona makaratasi ya kazi yako." Akanionyesha. Programu yake ya kupanga mafaili ina sehemu ya kutazama vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja, na humo ilikuwa imeikuta folda ambayo skana hutupia kurasa. Fundi aliyeifunga skana ile aliiacha folda wazi kwa mtandao mzima ili ifanye kazi bila usumbufu, na kama mtandao ungekuwa wa watu wa nyumbani peke yao, madhara yangekuwa madogo. Lakini mtandao ulikuwa wa barabara nzima. Mle ndani mlikuwa na mishahara ya wafanyakazi, namba za TIN na nakala za vitambulisho vya NIDA vya watu ambao hawajawahi hata kukaa kwenye baraza letu.

Kijana yule namheshimu mpaka leo. Wangapi waliziona kabla yake wakanyamaza, hakuna namna ya kujua. Nilikaa usiku ule nikiwafikiria wale wafanyakazi wa dukani. Hawakukubali popote kwamba picha zao na tarehe zao za kuzaliwa ziwe mikononi mwa mpita njia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na wengi wanadhani inazihusu benki na kampuni za simu tu. Taarifa ya mtu ni amana hata ikiwa kwenye kompyuta iliyo juu ya meza ya kulia chakula.

Lililofuata lilianza taratibu. Kurasa za magazeti zikawa zinafunguka na matangazo ya kubeti yanayofunika habari yote, na wakati mwingine ukiandika anwani ya tovuti moja unapelekwa kwingine. Yalitokea kwenye simu ya mama, kwenye kompyuta yangu, kwenye kila kifaa cha nyumba, ila ukitumia bando la simu tatizo halipo. Nilimwita rafiki yangu anayefunga mitandao ya maofisi. Hakugusa simu hata moja. Alifungua kivinjari, akaandika 192.168.1.1, ambayo ni anwani ya ruta yenyewe, ukurasa wa mipangilio ya ruta ukatokea, akaandika admin kwenye jina na admin kwenye nywila, akaingia. Maneno yale yamebandikwa chini ya ruta yenyewe, na ni yale yale kwenye ruta nyingi za aina ile. Maana yake ni kwamba yeyote aliyekaa barazani angeweza kufanya alichofanya yeye.

Na kuna aliyefanya. Namba za DNS zilikuwa zimebadilishwa. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ambayo kompyuta inaielewa, hivyo anayeishika DNS yako ndiye anayeamua ukiita jina fulani upelekwe wapi. Wetu alitupeleka kwenye matangazo. Mwingine angeweza kutupeleka kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa benki. Kivinjari hutoa onyo pale cheti cha tovuti, yaani uthibitisho wake wa kidijitali kwamba ni yenyewe, kinapokataa kulingana na jina, na onyo hilo ndilo kinga iliyobaki. Tangu siku ile nimewakataza watu wa nyumbani kubonyeza "endelea" mbele ya onyo la namna hiyo, hata wawe na haraka ya nini.

Mama akauliza ni nani, kwa maana alitaka kumwita aseme naye. Rafiki yangu akamjibu kwamba huenda aliyefanya hajui kuwa amefanya. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya Kaspersky ilieleza kirusi cha simu za Android walichokiita Switcher. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kikiingia kwenye simu ya mtu, kinasubiri simu iunganishwe na wifi, kinajaribu majina na nywila za kiwandani kwenye ruta, kikifaulu kinabadilisha DNS. Mwaka huo huo kirusi kingine, Mirai, kilikusanya makamera na ruta duniani kwa kutumia orodha ya nywila za kiwandani kama sitini tu, na tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuiangusha huduma ya DNS ya kampuni ya Dyn, tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Kwa hiyo mgeni mwema kabisa, anayekuja kupakua mitihani ya mwanawe, anaweza kuleta mdudu mfukoni bila kujua. Maelezo hayo ndiyo yaliyomgusa mama zaidi, kwa sababu hayakumtaka amshuku jirani yeyote.

Kuna hatari nyingine ambayo siisikii ikitajwa sana, nayo haikai nyumbani. Simu ikishaunganishwa mara moja na wifi isiyo na nywila, hukumbuka jina lake, na ikikutana tena na mtandao wazi wenye jina hilo, simu nyingi hujiunga zenyewe. Simu haina namna ya kutambua kama hii Karibu ni ya ukumbini kwetu au ni ya mtu mwingine. Mtu akiwasha hotspoti isiyo na nywila kule stendi ya Kange, akaiita Karibu, simu ya mama iliyo ndani ya mkoba itajiunga naye bila mama kuitoa. Na jina kama Karibu, au Home, au Free Wifi, si gumu kubahatisha. Nilipolielewa hilo nilipita kwa watu wa nyumba mmoja mmoja nikaufuta mtandao ule kwenye simu zao. Vijana wa barazani nao niliwaonyesha wafute, na wao wakawaonyesha wengine.

Kuhusu kusikilizwa mambo yamebadilika, na ni haki kusema hivyo. Wifi wazi haifichi chochote hewani. Mwaka 2010 ilitoka programu ndogo ya kivinjari cha Firefox, Firesheep, iliyomwezesha mtu asiye na ujuzi wowote kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya aliyekaa naye kwenye wifi moja isiyo na nywila. Mwaka huo huo Google walikiri kwamba magari yao ya kupiga picha za mitaa yalikuwa yamenasa pia mawasiliano ya wifi wazi za majumbani. Leo tovuti nyingi zinatumia HTTPS, njia ya kuyafunga mawasiliano yasisomeke njiani, na WhatsApp nayo huufunga ujumbe wake, kwa hiyo anayesikiliza barazani hatasoma maneno yako. Kwa kawaida ataona ni tovuti zipi unazitembelea na saa ngapi. Kwa msichana anayesoma habari za ugonjwa asiotaka ujulikane mtaani, hilo peke yake ni kubwa.

Spidi sitaisemea sana. Ilishuka, kama ilivyotarajiwa.

Kilichonifanya niongee na mama kwa uzito ni jina lake. Laini ile ya faiba imesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Vifaa vyote vya nyumbani, na vya barazani, vikitoka nje vinapita kwenye laini moja, na kampuni ya intaneti inaona mteja mmoja: mama. Mtu akitoa vitisho, akitapeli, akipakua picha chafu za watoto kupitia ruta yetu, alama zinaishia kwenye mlango wetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa kwa aliye nazo na kuchukua vifaa. Ruta kama yetu haikumbuki nani aliunganishwa wiki iliyopita, umeme ukikatika inasahau yote. Mama angesema ukweli wake, lakini asingekuwa na cha kuuonyesha.

Yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwamba hofu hii ina msingi. Mwaka 2011 mjini Buffalo, jimbo la New York, maafisa wa serikali waliingia alfajiri kwa nguvu katika nyumba ya mtu wakimtuhumu kupakua picha za unyanyasaji wa watoto. Baadaye ikabainika ni jirani aliyetumia wifi yake isiyo na nywila. Mwaka huo huo mtu wa Blaine, Minnesota, alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa kuingia kwenye wifi ya majirani zake na kutuma kwa jina lao barua pepe za kuwachafua, pamoja na vitisho kwa Joe Biden, wakati huo makamu wa rais. Wifi ya majirani wale ilikuwa na nywila, ila ya WEP, mfumo wa zamani wa kufunga wifi, ambao udhaifu wake ulikuwa umeshaanikwa na watafiti tangu 2001. Kwa hiyo hata kuweka nywila kuna kuweka na kuweka: katika mifumo iliyokuja baada ya WEP, WPA2 ndiyo ya chini kabisa ya kukubali, na WPA3 iliyotoka 2018 ni bora kama ruta na simu zinaiweza.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, jirani akija kuomba chumvi utamdai kitambulisho?"

"La, mama. Lakini chumvi tunampa mlangoni. Hatumwambii apite achague chumba."

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Sikutaka kumshinda kwa maneno, kwa sababu upande wake una hoja, na una watu wazito. Bruce Schneier, bingwa wa usalama wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 2008 kwamba wifi ya nyumbani kwake anaiacha wazi, na sababu yake kubwa ilikuwa ile ile ya mama: ni ukarimu. Hoja yake nyingine ilikuwa kwamba kompyuta yako inapaswa iwe imara hata kwenye mtandao wa watu, kwa kuwa utaitumia uwanja wa ndege na hotelini. Naikubali kwa mtu kama yeye, anayejua kila kifaa cha nyumba yake kinafanya nini. Nyumba yetu ina simu zilizoacha kupokea masasisho zamani, TV isiyojua kukataa, na printa iliyofungwa kwa haraka. Vifaa hivyo haviwezi kujilinda, inabidi vilindwe na mtandao.

Njia tuliyoifuata haikumnyima mtu. Ruta nyingi zina kitu kinachoitwa mtandao wa wageni: wifi ya pili inayotoka kwenye ruta ile ile, yenye jina lake na nywila yake, ambayo humfikisha mgeni intaneti na kumzuia asivione vifaa vya ndani. Mama akabaki na Karibu yake, sasa ikiwa ndiyo ya wageni. Ya nyumbani ikapewa jina lisilosema chochote na nywila ndefu ya maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, kwa sababu maneno manne mama anayakumbuka na kompyuta haiyabahatishi kirahisi. Nywila ya admin ikabadilishwa siku ile ile, DNS zikarudishwa. Tukazima WPS, njia ya kuunganisha bila kuandika nywila, kwa kitufe au kwa namba: tangu mwishoni mwa 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio elfu kumi na moja yanatosha kuipata. Kuficha jina la mtandao hatukuhangaika nako, kwani halijifichi kwa anayelitafuta.

Swali likawa nywila ya Karibu iwekwe wapi. Mama akataka iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe barazani, nami nikaona sawa. Watu huniuliza nywila iliyobandikwa ukutani inalinda nini. Inafunga mawasiliano hewani yasiwe uchi, ingawa kwa WPA2 mtu mwenye nywila ile ile na utaalamu anaweza kuyafungua ya mwenzake, jambo ambalo WPA3 imelirekebisha. Inamzuia tapeli aliyejua jina tu asiigize mtandao wetu kule stendi. Na inatupa namna ya kubadilisha mambo: tukiona matumizi yasiyoeleweka, tunabandika karatasi mpya. Ya nyumbani ndiyo isiyotoka. Simu za Android tangu toleo la 10 zina picha ya QR inayogawa wifi kwa mguso mmoja, na watoto wa nyumba niliwaomba, kwa kuwaeleza sababu na si kwa kuwagombeza, kwamba QR ya ndani wasimwonyeshe mtu.

Mtandao wa wageni usiuamini kwa jina lake. Ruta nyingine unauwasha na bado mgeni anaona kila kitu, mpaka ukaweke alama mahali pengine kwenye mipangilio. Nilimwita yule mwanafunzi wa uani, nikamwambia ajaribu kuingia kwetu kwa njia zote anazozijua. Akajiunga na Karibu. Akaandika 192.168.1.1, ikagoma. Akafungua YouTube kutafuta TV, haikutokea. Programu yake ya mafaili ikatafuta mtandao mzima, ikarudi mikono mitupu. Nikadhani tumemaliza.

"Kaka, subiri," akasema. Kwenye orodha ya wifi za simu yake kulikuwa na jina refu linaloanzia na DIRECT. Ilikuwa ni printa yangu, inajirushia wifi yake pembeni, bila kupitia ruta hata kidogo. Akaandika 12345678, ikamkubalia. Tuliizima hapo hapo, na wiki ile nikapita kwa wateja wangu wote wenye printa kukagua za kwao.